Kesi ya Baba Elius

Kijana Elius Tweve wa Makambako alitaka kumwoa Rejoice, binti wa marehemu mdogo wangu. Barua ya posa ililetwa hapa Mjimwema, mjini Njombe, nyumbani kwa mama yake, shemeji yangu Dorkasi. Mimi kama baba mkubwa nikapewa kazi ya kuuchunguza ukoo wa waoaji kabla barua haijajibiwa.

Katika ukoo wetu barua ya posa haijibiwi siku inapofika. Mtu hutumwa kijijini kwao mwoaji. Hafikii kwao, hufikia kwa jirani, hukaa jikoni, huota moto, huuliza. Watu hawa ni wagomvi? Wana mkono mrefu? Wake zao wanadumu? Kisha hurudi na kusema alichosikia. Kikiwa kibaya, barua hurudishwa kwa aliyeileta, na hakuna anayeuliza sababu.

Akina Tweve asili yao ni Ipelele, kule Makete. Nilitakiwa kwenda Ipelele. Sikwenda. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, lakini sitaisingizia mvua. Niliona ninayo njia bora kuliko kuota moto jikoni kwa mtu.

Mimi, Abrahamu Mtewele, nilimaliza kidato cha nne nikiwa mtu mzima mwenye watoto shuleni. Wakati huo tuliishi Matembwe. Mchana nilikuwa shambani, jioni darasani, na Kiingereza nilijifunza huko kwa kamusi na kwa ubishi. Baadaye niliteuliwa mzee wa baraza katika Mahakama ya Mwanzo, nikakaa pembeni ya mahakimu miaka mingi, na huko ndiko nilikopata hamu ya kusoma hukumu. Nilianza na vitabu vya wakili mmoja wa Makambako aitwaye Kristofa, ambaye huniruhusu kuvisoma ofisini kwake. Siku hizi hukumu ziko hata kwenye simu. Ukifungua tovuti ya TanzLII unazikuta za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani, mwaka kwa mwaka, bure. Wengi hawajui. Mimi najua.

Basi nilikaa barazani, nikavaa miwani, nikafungua orodha ya majina na kwenda moja kwa moja kwenye herufi R, kwa maana baba yake Elius anaitwa Rabson. Nikamkuta.

Ilikuwa hukumu ya Mahakama Kuu, Iringa: Rabson Tweve na Mwenzake dhidi ya Jamhuri. Kosa, unyang'anyi wa kutumia silaha, katika duka moja huko Ipelele. Mahakama ya Wilaya ilikuwa imewafunga miaka thelathini kila mmoja. Wakakata rufaa. Jaji akayapitia malalamiko yao, moja baada ya jingine, na mwisho akaandika kwamba rufaa haina mashiko, anaitupilia mbali.

Niliingiwa na huzuni kwa ajili ya Rejoice. Siwezi kukataa kwamba pamoja na huzuni ile nilijisikia fahari kidogo. Mtu mwingine angesafiri kutwa nzima hadi Makete na kurudi na maneno ya jikoni. Mimi nilikuwa na maneno ya jaji. Nikaenda steshenari, nikatoa nakala, nikaomba ukoo ukutane jioni ile ile.

"Soma kwa Kiswahili," alisema dada yangu Esnath kabla sijafungua mdomo. "Kiingereza chako tutakisifia baadaye."

Nikasoma, nikitafsiri aya kwa aya. Dorkasi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na nilipofika kwenye miaka thelathini mikono yake ikasimama.

"Jambazi!" alisema Esnath. "Na mshenga wao alikaa kwenye kiti hicho hicho akasema ni familia ya watu wa maombi."

"Mimi naona barua irudi," nikasema. "Kesho asubuhi nitaipeleka mwenyewe."

Rejoice alikuwa amesimama mlangoni. Ni muuguzi, na alikuwa ametoka kazini bila hata kuvua sare.

"Baba mkubwa, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Hiyo hukumu ni ya mwaka gani?"

Nikaangalia. "Elfu mbili na kumi na moja."

"Na miaka thelathini inaisha lini?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Maana Baba Elius nilimwona juzi tu Makambako. Alikuwa anapakia mbao kwenye fuso."

Watu wote wakanigeukia. Esnath ndiye aliyeniokoa, au alidhani ananiokoa. "Labda alitoroka."

"Shangazi, mtu atoroke gerezani, halafu afungue uwanja wa mbao kando ya barabara kuu, na bango lenye jina lake?"

"Wakinga wa Makete kwa biashara unawajua wewe?"

Hata Dorkasi alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nazitazama zile karatasi kana kwamba zimeandikwa upya mikononi mwangu.

"Elius aliniambia tangu mwanzo," Rejoice aliendelea. "Baba yake alifungwa, yeye akiwa shule ya msingi. Na aliniambia kwamba mahakama ya juu kabisa ilimkuta hana hatia, ndiyo maana akatoka. Sikusema hapa kwa sababu nilijua mtaanza na kufungwa na mtaishia hapo hapo."

"Mahakama ya Rufani," nikasema.

"Sijui inaitwaje. Wewe ndiye unayejua, baba mkubwa."

Hakusema kwa dharau. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa dharau. Nilikuwa nimesoma nusu ya kesi mbele ya ukoo kama mtu aliyeisoma yote.

"Nipeni mpaka Jumapili baada ya ibada," nikasema. "Nitaleta hukumu ya mwisho."

"Kama ilisema hana hatia, barua itajibiwa?" Rejoice alimwuliza mama yake, si mimi.

"Itajibiwa," alisema Dorkasi.

"Na kama haikusema?"

Dorkasi aliinamia maharage yake.

Kuanzia hapo sikukaa. Nilifungua orodha ya Mahakama ya Rufani, nikapita herufi R ya mwaka uliofuata, na wa baada yake, na wa baada yake. Nikakuta akina Rashidi, akina Richard, akina Robert, lakini Rabson hakuna. Nikajaribu T, kwa jina la ukoo. Hakuna. Nilikuwa nikiinuka, natembea hadi getini, narudi, nafungua simu, naifunga. Nilipanda hadi kwenye shamba langu la miparachichi nikakuta nimesahau panga. Mke wangu aliniuliza kama nina vidonda vya tumbo.

"Nina kesi," nikamwambia.

"Si yako hiyo kesi."

"Sasa imekuwa yangu."

Siku ya pili yake nilipanda gari la kwenda Makambako. Upepo wa Makambako haujali mtu mzima. Uliivua kofia yangu pale stendi ukaipeleka hadi kwa wauza viazi, nikaifuata mbio huku wakinishangilia: "Mzee, ikamate, inakwenda Mbeya hiyo!" Nilifika ofisini kwa Kristofa nikiwa na vumbi hadi kwenye meno.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Kristofa. "Leo unamshtaki nani?"

"Marahaba. Simshtaki mtu. Natafuta rufaa ya jinai."

"Rafu unazijua. Ukimaliza, vitabu uvirudishe kwa mpangilio."

Vitabu vile navipenda. Vimejalidiwa, vina uzito, na mbele ya kila kimoja kuna orodha ya majina ya kesi, na nyuma kuna orodha ya mambo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hukumu si hadithi ya kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Inatafutwa kwa jina au kwa jambo. Nikashusha kimoja, nikapita majina, nikakirudisha, nikashusha kingine. Nikajaribu na upande wa nyuma: unyang'anyi, utambuzi, maelezo ya mshtakiwa. Wateja wa Kristofa waliingia na kutoka. Mmoja alidhani mimi ndiye wakili, akanisalimia kwa heshima, na sikumsahihisha.

Mchana Kristofa alikuja kusimama nyuma yangu.

"Mzee, hutaipata humo. Hivi vitabu huchaguliwa. Hukumu inaingia kama imesema jambo jipya kwenye sheria. Mtu kaiba, kafungwa, kaachiwa, hiyo haichapwi. Iko mtandaoni tu, kama ipo."

"Mtandaoni nimeimaliza R yote."

"Basi huenda hakukata rufaa."

"Sasa ametokaje?"

"Hilo nalo neno," alisema, na mteja akamwita.

Nilibaki na nakala yangu ya Mahakama Kuu. Nilikuwa nimeisoma mpaka inachanika kwenye mikunjo. Kwa kukosa la kufanya nikaisoma tena, safari hii kuanzia juu kabisa, yale maandishi ya kichwani ambayo watu huyaruka. Palikuwa pameandikwa kwamba rufaa hii imetoka Mahakama ya Wilaya ya Makete, kesi namba fulani. Nikainuka kwenye kiti. Kila mahakama ya juu huandika kichwani kesi imetoka wapi na namba yake. Kama Mahakama ya Rufani iliisikiliza, basi lazima iliandika namba ya hii niliyoishika. Muda wote nilikuwa natafuta mtandaoni kama mtu anayefungua kitabu, kwa herufi ya kwanza ya jina, wakati mtandaoni unaweza kutafuta kwa neno lolote lililo ndani.

Nikaandika namba ya rufaa ile ya Mahakama Kuu na mwaka wake. Ikaja moja tu: Anold Kyando na Mwenzake dhidi ya Jamhuri.

"Nimeipata!" nikasema kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa anasubiri akashtuka na mkoba wake.

Anold ndiye aliyekuwa mshtakiwa wa pili. Yeye aliwahi kupeleka rufaa yake, kwa hiyo jina lake likatangulia na Rabson akawa "mwenzake". Nikakimbilia ukurasa wa mwisho. Rufaa imekubaliwa. Hatia imefutwa, kifungo kimefutwa, waachiwe huru mara moja. Nilitaka kumpigia Rejoice pale pale. Kidole kilikuwa tayari juu ya jina lake.

Lakini nilikuwa nimeshaumbuka mara moja kwa kusoma nusu. Nikakaa, nikaanza mwanzo.

Majaji walieleza hivi. Polisi walikuwa wameandika maelezo ya Rabson, na katika maelezo hayo alikiri. Karatasi hizo zilipokelewa na Mahakama ya Wilaya kuwa kielelezo, lakini hazikusomwa kwa sauti mbele ya washtakiwa kama inavyotakiwa. Kwa kosa hilo majaji waliziondoa zote kwenye kumbukumbu, kama vile hazijapata kuwapo. Kikabaki kitu kimoja tu, ushahidi wa mwenye duka, mama aitwaye Consolata, aliyesema aliwatambua. Majaji wakasema ushahidi wake peke yake hautoshi kumfunga mtu. Wakaishia hapo. Nilirudia mara mbili nikitafuta mahali waliposema kwamba Rabson Tweve hakufanya. Hapakuwapo.

"Kristofa," nikamwita. "Kuachiwa huru na kutokuwa na hatia ni kitu kimoja?"

"Kisheria, ndiyo. Kwa kosa hilo hatashtakiwa tena."

"Sikuulizi kisheria."

"Basi umekosea ofisi, mzee wangu."

Nikatoka. Ningeweza kupanda gari na kurudi Njombe. Kwa desturi yetu mtu wa upande wa binti hakanyagi kwa waoaji kabla barua haijajibiwa. Lakini miguu ilikuwa haitulii, na ule uwanja wa mbao uko karibu na stendi. Niliona bango kabla sijaamua chochote.

Rabson Tweve ni mtu mfupi, mpana wa mabega, na siku ile nyusi zake zilikuwa zimejaa unga wa mbao. Alinitambua kwa picha aliyoonyeshwa na mwanawe, nadhani, kwa sababu alizima mashine na kuvua glavu.

"Shikamoo, baba. Karibu kiti. Wakuwekee chai—"

"Marahaba. Sitakaa, na chai sitakunywa. Unajua kwa nini."

"Najua. Basi umekuja kufanya nini?"

Nikamwonyesha simu. "Hii ni hukumu iliyokutoa gerezani. Umewahi kuisoma?"

Akaitazama kama mtu anayetazama picha yake ya zamani. "Sijawahi. Walizungumza Kiingereza. Askari akatuambia mmeachiwa, tukatoka. Nilipofika nyumbani nikasema mahakama imeniona sina hatia."

"Haikusema hivyo."

"Ilisema nini?"

Nikamtafsiria. Alisikiliza bila kutikisika, na upepo ukawa unapeperusha unga wa mbao kati yetu. Nilipomaliza akauliza, "Imeandikwa humo kwamba nilifanya?"

"Hapana."

"Imeandikwa kwamba sikufanya?"

"Hapana. Ndiyo maana nimekuja. Ulifanya?"

"Unaniuliza kama mahakama au kama mkwe?"

"Mahakama ilishamaliza na wewe. Nakuuliza kama mkwe."

Akavaa glavu moja, akaivua tena. "Mzee Mtewele, Elius amekua akiambiwa baba yake alionewa. Amepigana na watoto wenzake shuleni kwa ajili ya neno hilo. Nikikujibu wewe nitakuwa nimemjibu na yeye. Usinidai jibu hapa kwenye mashine."

Akawasha mashine. Nikarudi stendi.

Jumapili baada ya ibada tulikaa tena kwa Dorkasi. Nilisimama, ingawa wengine walikaa. Nikasema kwamba hukumu niliyosoma mwanzo ilikuwa imefutwa na nyingine, kwamba nilisoma nusu na nikashauri kwa nusu hiyo, na kwamba naomba wanisikilize upya. Esnath alifungua mdomo na kuufunga. Ilikuwa zawadi kubwa kutoka kwake. Nikawasomea yote, na nikawaeleza yale ya Makambako.

"Kwa hiyo haikusema hana hatia," alisema Rejoice polepole.

"Haikusema."

"Wala haikusema ana hatia."

"Wala haikusema."

"Mahakama gani hiyo isiyosema kitu?" Esnath alishindwa kuvumilia. "Majaji watatu!"

"Imesema kitu, dada. Imesema hakuna ushahidi wa kutosha kumfunga."

"Sisi hatutaki kumfunga. Tunataka kujua kama tutakula naye ugali."

Dorkasi alinigeukia. Akauliza, "Huyo mama mwenye duka yuko hai?"

"Sijui, shemeji."

"Anakaa wapi?"

"Ipelele."

"Si ndiko ulikotumwa tangu mwanzo?"

Nikavua miwani. Naye hakungoja.

"Nenda," akasema. "Nenda na huyo mwanaume. Kama atakubali kusimama mbele ya yule mama na kumjibu lolote atakaloulizwa, mimi barua naijibu ndiyo, awe alifanya au hakufanya. Akikataa kwenda, au akaenda akadanganya, barua irudi. Siwezi kumtoa mwanangu kwa watu wanaoishi ndani ya jambo ambalo hakuna anayelisema."

"Na Elius aende," alisema Rejoice. "Asije akasimuliwa na mimi."

Nilimpigia Rabson hapo hapo, mbele yao. Nikamweleza bila kupamba. Akasema, "Tutakupitia kesho."

Tulikwenda kwa pikapu yao, Elius akiendesha, baba yake katikati, mimi dirishani. Ukungu ulikuwa umelala barabarani tangu tulipoanza kupanda. Elius ni kijana mcheshi, nilikuwa nimeambiwa, lakini siku ile alizungumza na gari tu: "Panda, mama, panda," kila tulipofika kwenye tope. Rabson alikuwa ameshika kofia magotini. Nilijaribu kueleza kidogo kuhusu kanda za mahakama na ngazi za rufaa, kisha nikaona nazungumza kwa sababu ya woga, nikaacha.

Duka bado lipo, kwenye njia panda, limepakwa rangi mpya ya kampuni ya simu. Mama Consolata alikuwa ndani anapima sukari. Alimtazama Rabson, akaweka kijiko chini.

"Huyu namjua," akasema.

"Mama, kamwene," nilimsalimia, kwa Kibena changu, na sikujua niendelee vipi. "Tumekuja kwa heri. Mimi nina hukumu ya ile kesi yako. Ya mwisho."

"Ina hukumu ya mwisho?" Alikuwa mtu mzima kama mimi, sweta mbili, kitambaa kichwani. "Mimi niliitwa Makete nikatoa ushahidi, wakafungwa. Baada ya miaka nikasikia wametoka. Hakuna aliyekuja kuniambia kwa nini. Nilikaa ndani nimefunga mlango hadi wateja wakadhani nimekufa. Soma. Soma hapo waliponitaja mimi."

Nikasoma, nikitafsiri. Kwamba shahidi wa kwanza alisema aliwatambua wavamizi kwa mwanga wa chemli. Kwamba hakueleza mwanga ule ulikuwa mkali kiasi gani, wala taa ilikuwa mbali kiasi gani. Kwamba katika hali hiyo uwezekano wa kukosea hauwezi kuondolewa.

"Kwa hiyo waliniona mwongo."

"Hapana, mama. Walisema hata mtu mkweli anaweza kukosea."

"Chemli ilikuwa hapa." Akapiga kaunta kwa kiganja. "Hapa! Na utambi mpya. Mbona hakuna aliyeniuliza habari ya utambi? Wangeniuliza ningewaambia."

Alikuwa ananiambia mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa Rabson. Sikumhimiza Rabson. Elius alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, na nilisikia anavyopumua.

"Ilikuwa inawaka vizuri, mama," alisema Rabson. "Ulituona."

Mama Consolata akakaa juu ya gunia la chumvi. Nilidhani atapiga kelele, nikawa natazama nje kama kuna majirani. Hakupiga kelele. Alishika pindo la sweta akajifuta uso wote, kama mtu anayenawa.

"Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikijiuliza kama niliwafunga watoto wa watu bure. Naamka nahesabu nyuso. Nasema labda sikuona. Labda hofu ndiyo iliyoona."

"Uliona," alisema Rabson. "Sikuja kukuomba unisamehe. Nimekuja useme unachotaka, nami nisikilize."

Naye akasema. Alisema mengi, mengine kwa Kikinga ambacho sikukielewa, na Rabson alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Nilipogeuka, Elius hakuwapo tena mlangoni.

Mtandao wa simu unapatikana juu kidogo ya duka, kwenye ukingo wa shamba la viazi. Nikapanda huko nikihema, nikampigia Dorkasi.

"Amesimama?" akauliza kabla ya salamu.

"Amesimama."

"Amesema nini?"

"Amesema alikuwapo. Yule mama aliwaona kweli."

Nikasikia akivuta pumzi, na nyuma yake sauti ya Rejoice ikiuliza kitu. Wakanong'onezana. Mimi nilikuwa nazunguka pale pale kwenye majani yaliyolowa, nashindwa kusimama mahali pamoja.

"Na kijana?" alisema Dorkasi.

Nikatazama chini. Elius alikuwa ndani ya pikapu, nyuma ya usukani, anatazama mbele. Baba yake alikuwa ametoka dukani na kusimama barabarani, upande wa pili wa gari, hagusi mlango.

"Kijana hajasema kitu."

"Mwambie jibu letu ni ndiyo," alisema. "Rejoice naye anasema ndiyo. Mwambie hivyo, halafu yeye aseme kama bado anataka."

Nikaanza kuteremka, nikipanga maneno na kuyapangua, kwa sababu hakuna kitabu nilichosoma kinachoeleza mtu huambiwaje jambo kama lile siku kama ile. Nilikuwa sijafika nusu ya njia Elius alipoinama upande wa pili, akafungua mlango kwa ndani, akausukuma ili baba yake aingie.